Nilivyompitisha Barasa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya upimaji ardhi kule Sigalagala, nimevaa viatu vipya ambavyo mama alininunulia sokoni Mumias, na nilidhani nitakabidhiwa mashine ya kupimia. Mpimaji Mkuu wa ile kwari ya kokoto, si mbali na Lubao huku Kakamega, alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ngumu iliyopauka kwa jua. Alinitazama, akavitazama viatu vyangu, halafu akabeba kiti cha mbao na kukiweka mbele ya ukuta wa mawe, mbali kiasi cha kutofikiwa na jiwe likianguka.

"Keti hapo," akasema. "Angaria ule ukuta mpaka saa kumi. Saa kumi utaniambia umeona nini. Na usiniambie umeona mawe."

Nikaketi. Asubuhi nzima niliona mawe. Baada ya chakula cha mchana niliona ndege wakiingia na kutoka kwenye nyufa, nikaona vumbi likitulia, na mnamo saa nane nikaona mstari wa unyevu upande wa kushoto, mahali ambapo asubuhi palikuwa pakavu. Saa kumi nilimweleza yote. Alipofika kwenye unyevu alinikatiza.

"Hayo maji," akasema. "Ndiyo nilikuwa nataka. Yakianza kutoka mahali papya, ujue huko ndani kuna kitu kimesonga. Mimi huangarianga maji kabla ya mashine. Kesho utapewa mashine."

Hivyo ndivyo mimi Zaituni, binti wa muuza nguo wa Matungu, nilivyoingia katika kazi ya kulinda mashimo. Vijana wanaonitembelea siku hizi huniuliza kama nilikuwa nachimba. Sikuchimba. Nilikuwa naangalia shimo wakati wengine wanachimba, na baadaye, kwa miaka mingi zaidi, niliwapima wale wanaoangalia.

Nieleze kidogo. Shimo la wazi halichimbwi wima kama kisima. Huchimbwa kwa ngazi, na kila ngazi tuliita benchi. Benchi moja hupanda juu ya nyingine, ili jiwe likianguka lidakwe na benchi ya chini yake kabla halijamfikia mtu. Mwangalizi wa shimo hufuatilia kuta hizo za benchi, maji, vumbi, na milima ya kifusi iliyomwagwa pembeni. Zamani tulipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, tukapima kwa utepe kila asubuhi. Vigingi vikiachana, ukuta unatembea. Baadaye vikaja vioo vidogo vinavyofungwa ukutani, na mashine iliyo ng'ambo inavipima yenyewe, saa baada ya saa. Lakini kigingi au kioo, kazi ni moja: kujua ukuta umesogea kabla haujaamua kushuka.

Kutoka Lubao nilipelekwa kwenye machimbo ya chokaa, nikakaa chini ya Msimamizi wa Benchi ambaye hakunena nami mwezi mzima, na alipoanza kunena alinifundisha kusoma mwamba kama mtu anavyosoma barua. Namshukuru hata kwa ule mwezi wa kimya. Halafu, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili shuleni, nikapata kazi kusini mwa Tanzania, kwenye shimo la makaa ya mawe.

Makaa yana mambo yake. Yamelala kwa matabaka meusi chini ya udongo na mawe laini, kwa hiyo kwanza unaondoa kila kilicho juu, unakimwaga kando, ndipo unayafikia. Yakiachwa yakapigwa na hewa, yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Mwangalizi hodari huyanusa kabla hajaona moshi. Na mawe yanayoyafunika hunywa maji ya mvua. Ukuta uliosimama kiangazi kizima unaweza kulegea kwa masika ya wiki mbili.

Aliyenifanya mtahini ni Mkuu wa Usalama wa shimo hilo, mtu mrefu, mtaratibu, aliyekunywa chai bila sukari na kusoma kila fomu mpaka chini. Siku aliyonipa kazi hiyo alinieleza kwa ufupi.

"Mtahini hamuulizi mtu anajua nini. Anamwambia aonyeshe. Muulize kwa mdomo, mtazame akifanya, halafu kagua daftari lake la mwezi mzima. Mwisho kuna maneno mawili tu ya kuandika. *Mahiri*, au *bado*. Hakuna asilimia, hakuna karibu-karibu. Na Bi Zaituni, *bado* si tusi. Ni njia ya kumrudisha mtu mafunzoni."

Nilielewa. Kwa miaka mitatu niliandika *bado* mara nyingi bila kusita. Wengine walininunia, wengine walirudi mafunzoni wakaja tena wakafaulu. Kisha ikafika zamu ya Barasa.

Barasa alikuwa mtu wa Navakholo. Tulikutana kule kusini, na ukiwa mbali na kwenu, mtu wa Navakholo na mtu wa Matungu huwa ni wa nyumba moja. Yeye ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mimi ni Mwislamu, lakini kila mara mkewe alipotaka kunikaribisha, Barasa alimbeba ingokho, kuku wa kienyeji, kwapani, akatembea naye hadi kwa jirani Mwislamu achinjwe, ndipo apikwe, ili nami nipate kula. Nilipougua malaria, mkewe aliniletea uji siku nne mfululizo. Watu kama hao unawalipa nini?

Kazi yake aliijua. Vioo alivisafisha, namba alizisoma, daftari lake lilikuwa safi kuliko la mtu yeyote. Maswali yangu yote aliyajibu vizuri. Likabaki la mwisho.

"Mzee Barasa," nikamwambia, "uko peke yako chumba cha uangalizi. Namba za ukuta wa mashariki zimepita kikomo chekundu. Chini kuna watu na mitambo. Unafanya nini?"

"Nampigia simu msimamizi wa zamu," akasema.

Hilo silo jibu. Kanuni ya shimo letu ilisema anayeziona namba ndiye anayepiga king'ora, papo hapo, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Watu watoke kwanza, maswali baadaye.

"Fikiria tena," nikasema.

Akafikiria. "Kama hashiki simu, nampigia Meneja wa Shimo."

Nilimwona jasho likimtoka puani. Alikuwa ameanza kazi kama mkata miwa, akapanda ngazi kwa kutii, na nadhani maisha yake yote hakuna mkubwa aliyemshukuru kwa kusimamisha kitu. Kusimamisha shimo zima, malori, mitambo, mabwana wakubwa wote, kwa kidole chake mwenyewe! Nilielewa kwa nini hakuweza kulitamka. Kazi yangu ilikuwa kuandika *bado*. Badala yake nikamwuliza, "Na je, kile kitufe chekundu pale ukutani ni cha nini?"

Uso wake ukafunguka. "Aa! Napiga king'ora!"

Nikaandika *mahiri*. Kwenye nafasi ya maelezo, ambapo nilipaswa kuandika kila jibu alilotoa, niliandika lile la tatu tu.

Masika yakaja. Asubuhi moja, saa nne hivi, mvua ikiwa imekatika na jua limetoka, vioo vya ukuta wa mashariki vikaanza kusogea. Barasa alikuwa zamu. Namba zilipopita kikomo, alichukua simu akampigia msimamizi wa zamu. Msimamizi alikuwa mkutanoni. Akampigia tena. Akampigia Meneja, haikushikwa. Kitufe kilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti chake.

Kule chini, dereva wa mtambo wa kuchimbia, kijana aliyeitwa Mapunda, aliona vijiwe vinadondoka mbele yake. Akaanza kupiga honi mfululizo huku anarudi nyuma, na madereva wa malori walipomsikia wakakimbia. Honi yake ndiyo iliyowaokoa. Ukuta ukashuka. Yeye mwenyewe hakuwahi kutoka kabisa. Kifusi kiliufunika mtambo wake hadi dirishani, na walipomtoa, mguu wake wa kulia ulikuwa umepondeka chini ya goti.

Hakufa mtu. Hilo nalisema kila nikisimulia, na kila nikilisema namshukuru Mungu.

Uchunguzi ulianza kesho yake. Tulikaa kwenye ukumbi mdogo, Meneja wa Shimo mbele, fomu ya Barasa mkononi mwake.

"Mtu huyu alipimwa," akasema. "Hapa pameandikwa *mahiri*. Aliulizwa namba zikipita kikomo atafanya nini, akajibu atapiga king'ora. Kwa hiyo alijua. Kama alijua na hakufanya, huo ni uzembe, na uzembe unaoumiza mtu ni jambo la polisi."

Nikasikia maneno yangu mwenyewe yanasomwa kama ushahidi dhidi ya mtu niliyetaka kumsaidia. Huruma yangu ndiyo ilikuwa kamba shingoni mwake. Nilimtazama Barasa nikingoja aseme kwamba nilimwonyesha jibu. Hakusema. Aliangalia mikono yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nami nikanyamaza. Mkutano ukaahirishwa hadi siku inayofuata.

Alasiri hiyo nikaenda hospitalini kumwona Mapunda. Nilimpelekea machungwa. Alikuwa amelala, mguu umefungwa na kuinuliwa, mama yake ameketi kando anamenya viazi kwenye sufuria ndogo. Nikawasalimu, nikampa pole. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyempima mwangalizi wa siku ile, na kwamba sikumpima sawasawa.

Mama yake akaacha kumenya.

"Dada," Mapunda akasema, "mimi hayo mambo ya fomu siyajui. Nikishuka kule chini simjui nani amepimwa, nani hajapimwa. Najua tu kwamba huko juu kuna mtu anaangalia. Ndiyo maana nashuka."

Hakuninyanyulia sauti. Angenitukana ningepata nafuu.

Kutoka hospitalini sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu wa Usalama, nikamkuta anataka kufunga. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama: jibu la kwanza, la pili, na jinsi nilivyomwelekeza kwenye kitufe.

"Kwa nini?" akauliza.

"Ni mtu wa kwetu."

Akavua miwani, akaifuta. "Bi Zaituni, hapa kila mtu ni wa kwao. Hata Mapunda ana kwao."



"Ungeandika *bado*," akaendelea, "tungemrudisha mafunzoni wiki tatu, tukamsimamisha mbele ya kile kitufe akakibonyeza mpaka akazoea. Leo angekuwa na kazi, na yule kijana angekuwa na mguu wake mzima. Kesho utasema haya mbele ya wote?"

"Nitasema."

"Utaondolewa utahini. Labda na kazini kabisa."

"Najua."

"Basi kaa. Kunywa chai. Huonekani mzima."

Nikanywa ile chai yake isiyo na sukari. Kesho yake nilisimama ukumbini nikayasema yote. Meneja alikasirika, na alikuwa na haki. Lakini Mkuu wa Usalama aliomba fomu, akalipiga mstari neno langu, akaandika *bado* na kutia sahihi yake. Akasema kuwa mtu ambaye bado hajawa mahiri haadhibiwi kama mahiri aliyezembea; anayeulizwa ni aliyemweka pale. Mambo ya polisi yakaishia hapo. Barasa aliondolewa chumba cha uangalizi, akapelekwa mafunzoni. Mimi nilinyang'anywa utahini mwaka mzima, nikarudishwa kusafisha vioo na kusoma vigingi, pamoja na vijana ambao nilikuwa nimewaandikia *bado*. Hawakunicheka. Mmoja alinibebea ngazi kila asubuhi.

Kilichobaki kilikuwa kumwendea Barasa. Nilimkuta nje ya nyumba yake anachonga mpini wa jembe. Mkewe alinisalimu vizuri, akaingia ndani akatuacha.

"Nisamehe, mzee," nikasema.

Akaendelea kuchonga. "Unajua kitu gani kiliniuma, dada yetu? Mimi nilijuanga siwezi. Tangu siku ile ya mtihani nilijuanga. Lakini nilipoona umeniandika *mahiri*, nikasema, huyu ni mtahini, labda ameona ndani yangu kitu mimi sijaona. Nikakuamini kuliko nilivyojiamini."

"Mbona hukusema pale ukumbini?"

"Ningekutajaje? Si wewe ni mtu wa kwetu?"

Basi tukacheka, kicheko kibaya, na mimi nikalia. Mkewe akatoka na obusuma, ule ugali wa kwetu, na mboga, tukala.

Barasa alipimwa tena baada ya miezi mitano, na mtahini mwingine, mgeni asiyetujua. Akafaulu. Masika yaliyofuata, mchana wa ukaguzi, wageni wakubwa wakiwa wamejipanga juu ya shimo kupiga picha, namba zilipita kikomo na king'ora kikalia. Shimo lote likasimama. Meneja wa Shimo alipanda mbio hadi chumba cha uangalizi na kumkuta Barasa amesimama kando ya kitufe, mkono bado uko juu yake. Ukuta haukushuka siku hiyo. Ulisogea tu, ukatulia. Meneja akamtazama, akatazama namba, akamwambia, "Umefanya vyema," na kushuka kwenda kuwaeleza wageni. Barasa alinipigia simu kunisimulia, na sauti yake ilikuwa bado haijatulia.

Mapunda hakurudi kwenye mtambo. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo. Kampuni ilimfundisha kazi ya stoo ya vipuri, na kazi hiyo akaipenda. Kila Idd hunipigia simu, Mkristo yule, ananiambia *Idd Mubarak* kabla ya watoto wangu mwenyewe. Sikustahili, lakini napokea.

Mama alipozeeka nilirudi nyumbani. Mkuu wa Usalama aliniandikia barua ya kunipendekeza, na hakulificha kosa langu ndani yake. Alieleza lilivyotokea na nilivyolisema, na kwa barua hiyo hiyo nikapata kazi ya kutahini wafanyakazi wa kwari na mashimo ya dhahabu huku Kakamega. Mpaka leo sijui mwajiri wangu alisoma nini kati ya mistari ile, lakini naamini nilipewa kazi kwa sababu ya kosa lile, si licha yake.

Niliwapima wengi hapa. Nimeombwa nipitishe mpwa wa fulani, nimebebewa sukari na majani ya chai hadi mlangoni. Nikawa nawaambia, karibuni tunywe pamoja, lakini mtihani ni kesho na mtihani ni uleule.

Mtu wa mwisho niliyempima kabla ya kustaafu alikuwa mama mmoja, Nafula, mjane wa miaka arobaini na kidogo, aliyeanza kwa kuponda kokoto kwa nyundo na sasa alitaka kuwa mwangalizi wa kwari hiyo hiyo. Mwenye kwari alikuwepo, na wafanyakazi kama kumi walisimama kutazama. Nafula alijibu maswali ya mdomo vizuri. Nikashuka naye hadi chini ya benchi ya pili anionyeshe anavyokagua ukuta. Nilikuwa nimeegemea fimbo yangu, fomu mkononi, naandika.

Akanyamaza katikati ya sentensi. Akainua kichwa.

"Mama, toka hapo," akasema.

"Endelea kwanza na..."

"Mama, nimesema toka hapo! Ninyi pia, wote, pandeni juu! Kazi imesimama."

"Na mtihani?" mwenye kwari akapaza sauti. "Mtahini ametoka mjini, na kesho hayupo!"

"Hata kama," Nafula akasema, na akanishika mkono akaniongoza kupanda, kama mtu anavyomwongoza bibi yake.

Juu nikamwuliza ameona nini. Akanionyesha: mchanga laini ulikuwa unachuruzika kutoka kwenye ufa mmoja, kidogo sana, kama unga unavyotoka kwenye gunia lililotoboka. Mimi, na miaka yangu yote, sikuwa nimeuona. Nilikuwa naandika.

Ukuta ule haukuanguka. Wala kesho yake, wala wiki iliyofuata; waliugonga polepole kutoka juu mpaka sehemu iliyolegea ikatoka yote. Mwenye kwari alinung'unika kuhusu siku iliyopotea. Nafula alisimama mbele yangu, mikono nyuma, uso umemwiva.

"Nimefeli, sindiyo?" akauliza. "Nimekatiza mtihani."

Nikaketi juu ya jiwe, nikaifungua fomu juu ya goti. Niliandika kila kitu kama kilivyotokea, jibu kwa jibu, pamoja na maneno aliyonifokea. Chini kabisa nikaandika neno moja, nikampa asome mwenyewe.